Kuku Aliyemweka Dan Golini

Kila mama wa mtaa wa Panda anajua kwamba mtoto wa kiume akianza kurudi nyumbani na viatu vya mpira mkononi, mambo mawili yanamfuata: nguo za matope, na watu wazima wenye maneno. Nguo zinafuliwa. Maman Viviane hakuwaza habari ya maneno, na ndiyo sababu haya yanaandikwa, ili mama mwingine awaze mapema.

Alikuwa mama wa kuogopa. Aliogopa mvua ya kwanza, aliogopa waya za umeme zilizoning'inia nyuma ya nyumba za kambi ya wafanyakazi, aliogopa vumbi la kiangazi kuliko wezi. Mwanawe Dan alikuwa na kifua kibovu tangu utoto. Sasa alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu kama nguzo, lakini mama bado alisimama mlangoni pake kumsikiliza anavyopumua. Basi timu ya mtaa, Umoja ya Panda, ilipomwita Dan, Maman Viviane alikwenda uwanjani kuangalia kwanza hiyo kazi ikoje.

Aliona vijana wanakimbia, wanakatana miguu, mmoja anabebwa nje analia kwa jina la mama yake. Lakini aliona pia kwamba kati ya wote kuna mmoja anayesimama peke yake kati ya miti miwili. Hakimbii. Hapigwi. Wakati mwingine anainama kufunga kamba za viatu bila haraka yoyote. Akasema moyoni: ile ndiyo kazi ya mtoto wangu.

Akakamata jogoo wake mwekundu, akaenda kwa kocha Ghislain.

"Coach, nimekuya na kintu kidogo."

"Maman, kila muntu wa Panda anakuyaka na kintu kidogo," Ghislain akajibu, hata bila kumtazama kuku. "Unataka mutoto acheze mbele."

"Mbele? Apana! Mbele banavunja miguu. Umuweke pale kwenye miti mbili. Kule hakuna kukimbia."

Ghislain alicheka mpaka akashika ukuta. "Maman, tangu nianze hii kazi, weye njo wa kwanza kuniomba goli. Rudisha kuku yako. Kwa ile nafasi, siye njo tungekuletea weye kuku."

Kuku lakini hakurudi nyumbani. Mama alikataa kumchukua, na kocha hakusisitiza mara ya pili.

Sasa lazima msomaji aelewe kwa nini kocha alicheka. Panda ni watu waliochanganyika. Kuna waliotoka Kasai zamani za mababu kwa kazi ya shaba, kama familia ya Maman Viviane. Kuna Wasanga wenye udongo wao. Kuna Wabemba, na wengine ambao hata wao wenyewe hawakumbuki walishuka kwenye treni gani. Huko nyuma swali la "weye umetoka wapi" lilishaumiza watu, tena vibaya. Kwa hiyo kamati ya Umoja ilikata shauri tangu siku ya kwanza: hakuna familia itakayoachwa nje. Kila upande utatoa mchezaji wake. Waliita hiyo usawa, na hata padri aliisifu kanisani.

Shida ilikuwa ndogo tu. Kila upande ulitoa mshambuliaji.

Papa Évariste, mwenyekiti, fundi umeme mstaafu aliyenunua jezi, alimtoa Magloire, mtoto wa dada yake. Papa Nicolas, katibu, mtu wa kufunga na kuomba, alimtoa mdogo wake Germain. Maman Emérance, mama wa mashabiki, mwenye ngoma na sauti ya kuamsha wafu, alimtoa mkwe wake Placide, ambaye tumbo lake lilifika kwenye mpira kabla ya mguu. Na wengine vivyo hivyo. Nani angempeleka mtoto wa ndugu yake nyuma, mahali ambapo watu wanakujua siku ya kosa tu? Ghislain alipoomba mabeki, kamati ilimuuliza: beki wa upande gani? Tukimchukua huku, huku watasema tumewanyima magoli. Basi wale waliokosa nafasi mbele ndio walioitwa mabeki, nao walisimama kule nyuma kama abiria wanaongoja lori, macho barabarani, tayari kuondoka.

Siku ya kucheza na Kambove, Maman Viviane alibeba sweta na chupa ya chai ya moto. Alihofia kwamba Dan, kwa kusimama tu muda wote, atapata baridi.

Mpira ulipoanza, Umoja wote walikwenda mbele kama watu waliosikia unga unagawiwa bure. Walipoupoteza, hakurudi mtu. Kila mmoja alingoja mwenzake wa upande mwingine arudi kwanza, kwa heshima ya usawa. Maman Viviane akaona vijana wanne wa Kambove wanakuja mbio, na mbele ya mwanawe hakuna hata mtu mmoja wa Panda wa kumwambia pole. Dan aliruka, alianguka, aliinuka, akaruka tena. Ilipofika mapumziko jasho lilimtoka kama mhunzi. Sweta lilibaki mapajani mwa mama, limekunjwa vizuri.

Mipira aliyoiokoa ilikuwa mingi kuliko iliyoingia, lakini hakuna duniani anayehesabu iliyookolewa. Iliyoingia ilikuwa saba.

Usiku kifua kilipiga filimbi. "Maman," Dan akasema, amekaa kitandani anatafuta pumzi, "si ulisema kule hakuna kukimbia?"

"Nywa chai," mama akajibu.

Kabla ya wiki kwisha, neno lilikuwa limefika kwenye bomba la maji: mikono ya golikipa wa Umoja si mitupu. Imefungwa. Kuna kitu. Maman Viviane alilisikia akiwa na ndoo kichwani. Neno kama hilo alilijua. Mstari wa pili wa kambi kulikuwa na msichana aliyewekewa jina la ulozi kwa sababu ya ndoto ya jirani. Watu waliacha hata kumpa moto wa kuwashia mkaa, mpaka familia yake ikahama. Tena fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa ameahidi kumfundisha Dan kazi, alituma ujumbe mfupi: tungoje kwanza, tusikie kamati itasema nini.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa ya pili, kamati ilipokutana katika lupango, ua wa Papa Évariste, chini ya mabati ya mbele ya nyumba, Maman Viviane alijitolea kupika. Hakuna anayemfukuza mwenye sufuria. Aliweka mbabula yake, jiko la mkaa, karibu na ukuta, akasonga bukari ya unga wa mahindi, na masikio akayaacha mezani. Watu wengine walijaa nje ya ua wakingoja kuambiwa wamchukie nani.

Kocha Ghislain hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kapolowe tangu katikati ya wiki.

"Bandugu," Papa Évariste akaanza, "leo tunatafuta kintu moya tu. Nani alituharibia équipe, timu yetu?"

"Président, tuanze na kwako," akasema Maman Emérance. "Magloire yako alibaki ye na goli, batu babili tu, akapiga mpira mpaka kwa masista. Masista baliurudisha, balikuwa bameshaufua."

Watu walicheka. Papa Évariste hakucheka. "Na mukwe yako? Placide alianguka bila kuguswa, akaomba maji, kisha akaomba kiti!"

"Placide iko na magoti ya baridi!"

"Njo mushambuliaji ile?"

"Tusipigane," Papa Nicolas akaingilia kwa sauti ya kanisa. "Mi ninasema tu kama Germain yangu hakufanya kosa hata moya."

"Kweli kabisa," Emérance akasema. "Hakugusa mpira hata mara moya. Kosa atalifanya na nini?"

Mambo yakaanza kuwa mabaya. Kila jina lililotajwa lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe amekaa palepale. Mwenye jezi alimtazama mwenye ngoma, mwenye ngoma akamtazama mwenye maombi, na kila mmoja akakumbuka kwamba akisukuma sana ataondoka na kitu chake. Kukawa kimya kidogo. Kimya cha namna hiyo ndicho kinachotafuta mtu asiye na mtu.

Papa Nicolas akasimama.

"Bandugu, tunapoteza wakati. Ile saba ilipita wapi? Ilipita mu mikono ya muntu moya. Nilifunga, nikaomba. Nikaona ile mikono iko na kamba nyeusi. Haiko yeye anayekamata mpira. Tumupeleke ule kijana ku chumba ya maombi. Afunge bila kula, bila maji, mpaka atasema nani alimufunga."

Wote wakatikisa vichwa kwa huzuni, huzuni tamu ya watu waliopona. Hakuna aliyegeuka kumtazama mpishi.

Bila maji. Na kile kifua. Mwiko ulibaki umesimama ndani ya bukari. Maman Viviane alijua akilia, watasema ndiyo dalili. Akitukana, watasema amejulikana. Akajifuta mikono kwenye kitenge. Mkobani mwake mlikuwa na glavu za Dan, alizokuja nazo ili azishone kwa sababu zilikuwa zimepasuka. Akazitoa, akaenda akaziweka mezani katikati ya chupa.

"Papa Nicolas, aksanti kwa maombi," akasema, sauti chini. "Mi niko mama wa nyumba, siwezi kubishana na maono. Basi Dan anatoka mu goli tangu leo. Gants yake njo hii. Lakini Jumapili yenye kukuya tunacheza na Kikula. Kufatana na usawa yetu, nafasi iko wazi. Familia gani inaikamata?"

Glavu zililala pale kama panya aliyekufia kwenye karamu. Papa Évariste akavuta chupa yake, ikae mbali nazo.

"Siye tulishatoa ngoma," akasema Emérance haraka.

"Minye nilishatoa jezi," akasema mwenyekiti.

"Germain iko murefu," Maman Viviane akasema kwa upole. "Papa Nicolas, mikono yake niliiona, mizuri. Haiko na kamba hata moya."

"Germain?" Papa Nicolas akageuka kama aliyeungua. "Usitie mutoto ya batu pale! Hapana beki, hapana nini! Kikula bakimupiga saba, kesho batu batasema nini juu yake?"

"Batasema mikono yake imefungwa."

Mtu mmoja nje ya ua akacheka peke yake. Papa Nicolas akakaa. Alitafuta leso, akafuta uso, akaikunja leso, akafuta tena.

"Maono," akasema mwishowe, "wakati ingine inachelewa. Inaweza kuwa ilikuwa ya gardien ya zamani, golikipa mwenye alitangulia Dan."

"Njo ile!" Emérance akapiga meza. "Ule wa zamani! Mi sikumupendaka hata siku moya!"

"Dan iko mutoto muzuri," mwenyekiti akakata shauri. "Bila yeye ingekuwa kumi na tano. Gants irudi kwa mwenyewe."

Maman Viviane akachukua glavu. Mwanawe amepona, na kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya kuimba. Lakini watu walikuwa bado wamejaa nje, na kosa likishatolewa kwa mmoja haliwezi kurudi msituni peke yake.

"Sasa batu bale inje tunabaambia nini?" akauliza mwenyekiti. "Lazima kosa ikamate muntu."

Wakatazamana. Kisha, wote kwa pamoja, wakatazama kiti kitupu.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Panda ni kinyume: asiyekuwapo, lake ndilo la kwanza kupatikana.

"Ghislain iko wapi?"

"Iko Kapolowe anakula samaki! Équipe inakufa, ye anakula samaki!"

"Ye njo alipanga bachezaji."

"Hakuona kama hatuna beki? Coach gani haone?"

Ikaenda kama moto kwenye majani ya Agosti. Hata Papa Nicolas alipata nguvu, akasema sasa anakumbuka vizuri, mtu aliyemwona kwenye maono alikuwa na filimbi shingoni. Mwenyekiti akageuka.

"Maman Viviane, weye njo uliteseka kuliko siye bote. Ule coach alimutupa mutoto yako mu goli bila hata kukuuliza. Unasema nini?"

Macho yote yakawa juu yake. Jogoo mwekundu akapita akilini mwake, na mbawa zake zote. Angeweza kusema: minye njo nilimuomba. Angeweza kusema: huyu aliwaomba mabeki mkamuuliza kabila. Lakini mwanawe alikuwa amefunguliwa dakika ile ile. Fundo lilikuwa bado na joto, na kamba ilikuwa bado mezani.

"Coach njo anapanga," akasema.

Maneno matatu, na uongo ndani yake hakuna. Ndiyo hatari ya maneno kama hayo.

Hawakuwa wamemaliza kupiga makofi Ghislain alipoingia, amejaa vumbi la basi, anacheka. Nyuma yake walikuja vijana wawili, ndugu wa tumbo moja, wapana kama milango ya ghala, mikono imekomaa kwa jembe. Waliinama kwa adabu kuwasalimia wazee, na mwanga wa ua ukapungua.

"Président! Nimepata!" Ghislain akapiga kelele. "Mabeki! Beki wa kweli kweli! Nilibaona kule Kapolowe, hapana muntu anapita. Tena," akashusha sauti kama anayetaja muujiza, "banapenda kukaa nyuma!"

Papa Évariste akakohoa. "Coach, kamati imekata shauri. Hatukuhitaji tena. Kosa yako njo hii: hukuona mapema kama équipe haina beki."

Ghislain alimtazama mwenyekiti, kisha akawatazama wale ndugu wawili, kisha mwenyekiti tena, kama mtu aliyeambiwa nyumba haina mlango huku amebeba mlango begani.

"Na hawa?"

"Hawa njo wa familia gani?"

"Ya nyuma, président. Mabeki."

"Apana. Wa upande gani hapa Panda?"

"Beko wa Kapolowe."

"Njo unaona," akasema mwenyekiti kwa masikitiko ya kweli. "Kapolowe haina kiti hapa. Tukibatia, usawa inaanguka."

Ghislain akazungusha macho mezani, akafika ukutani, kwa Maman Viviane. Hakusema neno juu ya kuku. Alingoja tu kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita mlangoni kwanza. Maman Viviane akainamia sufuria. Bukari ilikuwa imeiva zamani, lakini aliendelea kuisonga.

Kabla hawajaondoka aliwapakulia wale ndugu, mabonge makubwa, na sombe ya majani ya muhogo juu yake. Walipokea kwa mikono miwili, wakala wamesimama, wakasema aksanti Maman, aksanti. Yeye mwenyewe hakula siku ile.

Kesho yake fundi wa kuchomelea akatuma ujumbe: Dan aje kazini, tumesikia haikuwa yeye.

Jumapili iliyofuata Umoja walikwenda kucheza Kikula. Safari hii Maman Viviane hakubeba sweta. Alibeba taulo na dawa ya kupaka kifuani. Akatafuta mahali karibu na goli la mwanawe, akakuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda, anamenya karanga, akaketi kando yake. Wakasalimiana kama kawaida ya mama na mama: habari ya nyumbani, habari ya watoto, bei ya unga.

Kisha akainua macho, akaona upande wa pili wa uwanja.

Basi la kurudi Kapolowe linasimama sokoni Kikula. Ghislain alishuka pale kununua maji, na watu wa mpira wa Kikula walipowaona wale ndugu wawili, waliuliza swali moja tu: wanajua kukaba? Sasa wale ndugu walikuwa wamesimama mbele ya goli la Kikula, mmoja huku, mmoja kule, wala hawakuonekana kuwa na safari yoyote. Magloire alifika akarudi. Germain alifika, safari hii aligusa mpira, na hakuugusa tena. Placide alifika akawatazama juu hadi chini, akaomba kiti mwenyewe.

"Kosa ya Ghislain!" Papa Évariste alipiga kelele nyuma ya mstari, kidole amekielekeza kwenye benchi la Kikula. "Aliacha équipe bila beki! Mumuone! Mumuone pale!"

Ghislain alipopita kurudi kwenye benchi lake alisimama mbele ya Maman Viviane. "Jambo, Maman. Dan iko muzuri sana. Mi ningemuweka palepale." Akaenda zake. Hakukuwa na hasira ndani ya sauti yake, na Maman Viviane aliitafuta sana.

Mama mwenye karanga alikuwa anatazama mbali, upande wa lile goli la pili, uso umejaa wasiwasi. Mapajani mwake palikuwa na sweta, limekunjwa vizuri.

"Ule wa kule njo mutoto yangu," akasema. "Anasimama tu, anasimama tu, tangu mpira ianze. Atakamata baridi, unaona?" Kisha akageukia goli la karibu, ambapo kijana mrefu alikuwa anainuka kutoka kwenye udongo, mkono kifuani, anatafuta pumzi. "Na huyu masikini anayeangukaanguka, njo mutoto ya nani? Mama yake iko wapi?"

Akamnyoshea Maman Viviane karanga, kiganja tele. Maman Viviane akazipokea, akazifumbata, hakula hata moja, maana wanne wa Kikula walikuwa wanakuja tena.